Kwa Wakati Utakaokufaa

Baba Stefano,

Sikuandikii kukusalimia. Nimekasirika, na kwa kuwa huwezi kunikatiza, leo utanisikiliza mpaka mwisho. Kalamu ni ya mwanao, ile ya wino aliyozawadiwa kiwandani Thika kwa kupiga taipu kwa vidole kumi bila kuiangalia mashine. Wewe ulitumia vinne, na ulikuwa unaangalia. Nawaambia watu wote wa laini, nyumba zote hizi za wafanyakazi, hata wale ambao hawajaniuliza.

Sasa sikia. Mwezi wa tano baada ya kukuzika, karani mpya aliyekalia kiti chako aliniletea bahasha kutoka ofisi ya shamba. Kiingereza kitupu. Mimi kwa darasa langu la kanisani nasoma Kiswahili tu, hiki kilichotuoanisha, wewe Mtaita na mimi Mkikuyu. Nikaipeleka kwa Mwalimu Danieli, akanigeuzia neno kwa neno. "Mpendwa Bibi," ndivyo inavyoanza. Halafu inasema uongozi wa shamba utashukuru sana iwapo nitaona uwezekano wa kuiachilia nyumba hii, kwa wakati utakaonifaa. Na chini, juu ya sahihi ya meneja mwenyewe: "Nina heshima kuwa mtumishi wako mtiifu."

Kichwa kilinivimba, sikufichi. Pale bombani niliwaambia wanawake kwamba mzungu mwenye kahawa yote hii ananiita mpendwa na amejiandika mtumishi wangu, kwa hiyo mwingine aliye na barua kama hiyo aende akailete tuione. Niliichukua kama ilivyoandikwa: naulizwa. Na mtu akiulizwa vizuri hujibu vizuri. Nikamwomba mwalimu aandike: Nashukuru kwa kuniuliza. Wakati unaonifaa bado haujafika. Maharagwe ndiyo kwanza yanatoa maua, na mlango wa jikoni alioutengeneza marehemu sitaki kuuacha. Nisalimie memsahibu. Mwalimu aliinua kalamu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kumshinda.

Jumapili Stefano akaja kutoka Thika. Nikampa barua kabla hata ya chai, ili naye ajivune. Hakujivuna. Akaisoma mara mbili, akaketi kwenye kitanda chetu, akasema polepole, "Mama, hapa huulizwi. Unaambiwa utoke."

Nikamwambia hiyo "toka" iko wapi, anionyeshe kwa kidole. Akasema haimo, ndivyo zinavyoandikwa. Halafu akaikunja barua, akasema, "Na haya ni maneno ya Baba."

Anayajua kwa moyo. Ulimfundishia barua hiihii hapo mezani alipokuwa darasa la sita, ukamfanya ainakili mara kumi mpaka isiwe na doa. Uliitunga wewe, meneja akaipenda, ikabaki kwenye faili, na karani mpya amebadilisha tu jina na namba ya nyumba. Kwa hiyo ni wewe umenitoa, Baba Stefano. Umenitoa kwa heshima zote.

Kwanza nilicheka. Halafu nikamkumbuka Mama Wairimu, mjane wa yule nyapara, kicheko kikaisha. Alikuja hapa na barua yake ya namna hii, nikampa uji, akakuuliza inasema nini. Ukamjibu, "Wanakuomba tu, mama." Akafurahi, akaendelea kukaa. Mwezi ulipoisha watu wa shamba walikuja kung'oa mabati, naye yumo ndani anapepeta kunde. Siku hiyo hukugusa chakula. Nilidhani ni homa, nikakuchemshia tangawizi.

Kumbe ulijua. Ulijua tangu siku ya kuiandika. Mtu ambaye hata chumvi uliiomba kama unamwomba DC ruhusa, kama si usumbufu, kama ipo karibu, mpaka nakwambia sema chumvi, mwanamume, nikupe. Niliyaita malezi mazuri. Niliwaringia dada zangu. Sasa sijui yapi yalikuwa malezi na yapi yalikuwa woga, na wa kumuuliza ndiye huyu aliyelala chini.

Meneja alikuja Jumatano, kwa miguu, barua yangu mkononi, uso mwekundu kama buni iliyoiva. Akavua kofia, akaanza kuzungusha maneno vilevile, mara uongozi unasikitika, mara uongozi unatambua. Nikamwambia, bwana, sema.

"Mama, nyumba mimi nataka. Karani mpya iko na watoto. Mwisho ya mwezi, toka."

Hiyo niliielewa. Iliniuma kifuani, lakini niliielewa, na ukishaelewa unaweza kujibu. Nikamwambia mwisho wa mwezi maharagwe yatakuwa mabichi, na mume wangu amemwandikia barua miaka kumi na tisa bila kosa moja. Anipe mpaka nivune, na mlango naondoka nao. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Vuna. Chukua mlango."

Maneno matatu. Kwa Kiingereza chenu ingekuwa ukurasa mzima, na nisingejua nimepewa au nimenyimwa.

Maharagwe yamekauka. Madebe mawili na nusu, laini nzima hakuna aliyenifikia. Jumamosi Stefano anakuja na mkokoteni, nahamia kwake Thika. Nimemwambia najua hawezi kubadilisha barua za bwana wake, kazi ni kazi. Lakini siku atakayopiga taipu barua ya namna hii kwa mjane, akitoka kazini aende kwake kwa miguu, amwambie kwa mdomo: mama, unatolewa, jitayarishe. Ameniapia. Machozi yalimtoka kidogo, naye ni mtu mzima mwenye tai.

Nyumba nitazoea kuikosa. Kinachonishinda ni wewe kubaki hapa Ruiru, nyuma ya kanisa, na mimi kule. Hasira yangu haijaisha, usidhani. Na kila asubuhi bado natandika upande wako wa kitanda.

Nitakuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, nikupalilie. Sisemi nitajitahidi. Sisemi ikiwezekana. Nitakuja.

Lala sasa, mume wangu.

Mama Stefano