Wananchi Wanataka Nidhamu

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya puani, na jirani amechungulia dirishani kuona naongea na nani. Mwache achungulie.

Leo tumefanya misa yako ya mwaka. Padri alikuja, kwaya iliimba vizuri hadi ubeti wa tatu, kisha waimba besi wakapotea kama kawaida yao. Watu wa hapa kwetu Mollo walikula wali na maharage wakashiba. Baada ya hapo, saa nane mchana, nikafungua banda. Ninachotaka kukueleza kilitokea bandani, lakini hukumpenda mtu anayerukia mwisho wa filamu, kwa hiyo subiri.

Banda lako la video bado limesimama. Upepo wa mwezi wa sita uling'oa mabati mawili, tumeyarudisha. Deki yako haijafa, ingawa siku hizi wengi wanataka flashi, na wengine hawaji kabisa maana sinema wanayo kwenye simu. Lile benchi lenye mguu mfupi bado tunaliwekea tofali. Mzee Masanja, Msukuma wako wa ng'ombe, bado ndiye anayelikalia, amevaa masweta mawili na analalamika kwamba baridi ya Ufipa imeletwa na Wafipa makusudi ili wageni warudi kwao. Na mimi kila jioni nikisonga ugali wa ulezi bado nasonga wa watu wawili. Mkono umezoea, haujaambiwa.

Sasa niulize, maana swali hili limenikaa kooni mwaka mzima. Ulikufa umenikasirikia?

Unakumbuka zile filamu zilivyoingia kwetu. Uliagiza Tunduma katoni ya filamu za kung fu, ikaja katoni ya Waarabu, majalada yana maandishi ambayo hakuna mtu wa kuyasoma mtaa mzima. Mimi nilitaka tuirudishe. Wewe ukaweka moja uone. Uwanja mkubwa umejaa watu, vijana wamepanda juu ya vifaru, akina mama wanagawa mikate, na wote wanataka mkubwa wao aondoke. Uliitazama kimya mpaka mwisho, wewe ambaye hukuweza kukaa kimya mbele ya picha yoyote. Jumapili iliyofuata ukashika maiki, ukaanza kuitafsiri.

Tafsiri! Mjomba, Kiarabu hukujua hata salamu. Ulisoma kwa mapadri kule Kaengesa, na lugha ya kigeni uliyowahi kuimba ni Kilatini. Lakini ulisema Kiarabu ni mjomba wa Kiswahili, na mjomba huwa hakosi kueleweka. Ukawa unategea maneno. Damu. Haki. Habari. Wakati. Ukinasa moja unajengea sentensi kumi. Waliposema "karama," ukatangaza kwamba wananchi wanaomba karama za Roho Mtakatifu, na Mama Oresta wa maandazi akapiga ishara ya msalaba. Nilikuwa nauma khanga nisicheke.

Halafu yule kijana tuliyedhani ni stelingi, shujaa wa picha, akapigwa risasi katikati ya filamu. Banda likachachamaa. "Stelingi hafi! Umeruka kipande!" Ukasimamisha picha ukawaambia, "Ndugu zangu, huyo hakuwa stelingi. Stelingi ni hao wote uwanjani. Kaeni." Wakakaa, nami nikajisikia fahari kuwa mpwa wako.

Ila kilichowakaa zaidi watu ni ule wimbo wa uwanjani. Maneno machache, wanayarudia na kuyarudia, na ndani yake sikio lako lilinasa "nidhamu." Ukasimama, ukapaza sauti: "Wananchi wanataka nidhamu!" Banda zima likaitikia. Ikawa hivyo kila Jumapili, mpaka neno likatoka mlangoni likaingia mtaani. Mtu akiruka foleni kwenye mashine ya kusaga, akina mama wanamwimbia wananchi wanataka nidhamu. Mwenyekiti wa kikao cha harusi akichelewa, anaimbiwa hiyo hiyo.

Msimu wa mahindi nikaenda Laela kununua, nikapanga chumba kimoja na Zuhura, yule dada aliyefanya kazi za ndani Uarabuni. Nikamwimbia wimbo wetu kwa kujidai, na yale maneno ya Kiarabu niliyoyakariri. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wee Leokadia! Kule neno hilo siyo adabu. Ni utawala. Hao wanataka utawala uanguke!"

Ningekuambia jikoni, Mjomba. Ningekuambia tukiwa tunachambua maharage, wewe na mimi na yule paka. Ungecheka, najua ungecheka, na Jumapili ungelitengeneza ukalisema kana kwamba ulilijua siku zote. Badala yake nilinyamaza nalo mpaka banda limejaa. Ukasema, "Wananchi wanataka..." nami nikasimama. "Mjomba, umekosea." Nikaeleza yote, nikamtaja na Zuhura, nikajiona msomi. Watu wakaangua kicheko. Mzee Masanja alicheka mpaka akapaliwa. Hukunigombeza. Ulinipa maiki tu, ukasema, "Basi tafsiri wewe, mwanangu."

Tangu siku ile hukuishika tena mbele za watu. Ulikaa benchi la nyuma na blanketi lako mabegani, mimi natafsiri, na kila nikigeuka nakuta unatazama picha, hunitazami mimi. Samahani nilikuomba mara moja, naosha vyombo, nimekupa mgongo. Ukajibu, "Haya." Kuna haya nyingi. Mpaka leo sikujua hiyo ilikuwa ipi.

Kisha kikaja kifua, ikaja masika, ikaja hospitali. Asubuhi uliyoondoka mimi nilikuwa nimekwenda kukuletea uji. Nilirudi nao wa moto.

Mwaka mzima sikuigusa filamu ya uwanjani. Wiki iliyopita nikasema hapana, siku ya misa lazima tuonyeshe ile aliyoipenda. Nikaenda kwa fundi Kizito, yule wa spika, nikamwomba aniingizie sauti yangu, tafsiri sahihi ya Zuhura nimeiandika kwenye daftari. Kizito akaacha kazi yake, akafungua droo, akatoa CD imefungwa kwenye gazeti. "Mzee aliingiza sauti yake hapa dukani, wewe uliporudi Laela kumalizia mahindi. Alisema nikupe siku utakayoiulizia filamu hii. Dada, mbona umekaa mwaka?"

Sikuisikiliza nyumbani. Niliogopa. Nilijua kuna mahali umenisema, na unavyojua kusema wewe! Nikawaza: mimi nilimwaibisha mbele za watu, basi na yeye anijibu mbele za watu, ndiyo haki. Kwa hiyo niliiweka kwenye deki leo hii, sijui kilichomo, banda limejaa, Zuhura amekuja na basi kutoka Laela amekaa karibu na mlango.

Mvua iliyokuwa ikipiga mabati ilikuwa imekatika. Sauti yako ikatoka kwenye spika, kwanza kikohozi, halafu, "Karibuni, ndugu zangu." Mama Oresta alitua sinia lake chini. Mimi nilishika nguzo. Nilikuwa nimesahau kwamba unavuta pumzi kabla ya kila sentensi. Mwaka mmoja tu, na nilikuwa nimeshasahau kitu kama hicho.

Ulitafsiri vilevile. Karama, ambayo Zuhura anasema kule ni heshima ya mtu, bado ni za Roho Mtakatifu, hukubadilisha hata nukta, na Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. Stelingi akafa, hakuna aliyelalamika. Kisha uwanja ukajaa, wimbo ukaanza. Ukavuta pumzi.

"Hapa mimi sijui. Mpwa wangu anajua. Leokadia, simama."

Ukanyamaza. Umati peke yake ukawa unaimba, na wewe kimya, umeniachia nafasi. Watu wote wakageuka kunitazama. Nikasimama, nikafungua daftari, maandishi siyaoni kwa machozi. Ndipo Mzee Masanja akapaza sauti kutoka benchi la tofali, "Wananchi wanataka nidhamu!" Banda lote likaitikia, hata Zuhura, Mjomba, hata Zuhura na Uarabuni kwake kote! Kwenye picha wakarudia wimbo wao. Na mimi nikaipata sauti. Nikasema, "Wananchi wanataka utawala uanguke."

Na wewe kwenye spika ukasema, "Asante, mwanangu. Tuendelee."

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka Mama Oresta akanikalisha kama mtoto. Kwa hiyo sikuona vizuri sehemu ya pili, ile uliyoipenda kuliko zote, baada ya mkubwa kuondoka. Uliniambia mara nyingi kwamba kuangusha ni siku moja, filamu yenyewe ni kinachofuata. Nilisikia ukicheka vijana walipotoka na mifagio kuufagia uwanja wao wenyewe: "Si mnaona? Nidhamu!" Na yule mama anayekwenda kila wiki kwenye geti la gereza na chakula cha mwanawe, anarudishwa nacho, wiki inayofuata anapika tena, pale hukutafsiri kitu. Zamani nilidhani ni kwa sababu hukunasa neno. Leo nimesonga ugali wa wawili tena, na nimekuelewa.

Nimekukumbuka, Mjomba. Nimekukumbuka mpaka kikohozi chako, kile nilichokuwa najifunika mto kichwani nisikisikie.

Watu walipotoka, Kizito alinifuata. Anasema ile nafasi uliyoiacha anaweza kuiingizia sauti yangu, kazi ya dakika tano, filamu ikawa kamili. Nimemkatalia. Akiijaza itakuwa umeshaniita na nimeshaitika, basi, yameisha. Ikibaki wazi hivyo, utaniita tena.

Lala, Mjomba wangu. Baridi ya huko sijui ikoje, blanketi lako tulikuzika nalo. Nakuahidi jambo moja: filamu hii nitaionyesha kila Jumapili saa nane, hata akija Mzee Masanja peke yake na masweta yake. Ukifika pale pa kusema hujui, utanikuta nimeshasimama.

Mpwa wako,
Leokadia