Kiti cha Mbele Nilichokishona Mwenyewe

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wale watundu wako watatu. Je, goti la shemeji limepata nafuu, au bado ndiyo sababu yake ya kukwepa kazi za nyumbani? Mimi mwili hauna neno. Karakana inakwenda vizuri; wiki hii nimeshona viti vya basi dogo zima, na vidole vyangu vimetoboka kama chujio. Ya moyoni nitakueleza, ila nivumilie, maana nikianzia mwisho utanicheka kabla sijamaliza.

Uliniuliza kama Rangi, yule jirani yangu anayepiga magari rangi, bado ni rafiki tu. Lile gari lake unalijua. Alilinunua likiwa limegongwa, akalinyoosha na kulipaka mwenyewe, viti nikashona mimi. Tangu siku hiyo, kila tukisafiri na marafiki, kiti cha mbele kilikuwa changu. Hakuna aliyenipa, nilikipata kwa kazi. Maana dada, kukaa mbele si kustarehe. Wa mbele ndiye anayemfungulia dereva chupa ya maji na kumsomea vibao vya barabarani. Redio haigusi bila kuuliza. Na zaidi ya yote, halali usingizi. Rangi akishiba husinzia kama mtoto aliyenyonya, na dawa yake ninayo mimi: namtupia hesabu. Kumi na saba mara kumi na tatu. Atahangaika, atahesabu kwa vidole juu ya usukani, atataja jibu la ajabu, nitamcheka, usingizi utakwisha. Hivyo ndivyo tulivyokwenda na kurudi siku zote bila hata mkwaruzo.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda kumtembelea mwenzetu aliyehamia nyumba mpya, mbali kidogo. Nikafika na machungwa yangu, nikakuta mbele amekaa yule binti mhasibu wa duka la vipuri. Mrefu, mpole, ana kucha safi ambazo mimi sitazipata hata nikistaafu. Akanisalimia kwa adabu, na hilo ndilo lililoniudhi. Rangi, bila kunitazama, akaniambia nyuma kuna nafasi kubwa. Nafasi kubwa! Nyuma tulibanana mimi, fundi umeme na mapaja yake, na stuli mbili za zawadi zilizoelekeza miguu juu. Fundi umeme akaninong'oneza, akitaka kujua kama nimeshushwa cheo au nimefukuzwa kazi kabisa. Nikamwambia ale chungwa anyamaze.

Basi nikageuka mkaguzi. Hatujafika mbali, bibie kabadilisha stesheni. Mara kavua viatu, miguu juu ya dashibodi, kama yuko kitandani kwake. Dereva anasikia kiu, chupa anaipapasa mwenyewe. Kisha bibie akalalamika kwamba kiti kinamchoma mgongoni. Nikamenya chungwa, nikatazama dirishani.

Wakati wa kurudi, tumeshiba, jua linachoma, yeye ndiye aliyelala wa kwanza, mdomo wazi. Sikufichi, nilifurahi. Nikasema moyoni, haya Rangi, mtazame chaguo lako. Furaha yangu ikaishia kwenye mteremko. Katika kioo cha ndani niliyaona macho ya Rangi yakifumba, yakifumbuka, yakifumba tena, na gari likaanza kuelekea ukingoni. Nikapiga kelele: kumi na tisa mara kumi na nne! Akashtuka, akalirudisha gari barabarani, na kwa mazoea akajibu mia tatu na kumi. Fundi umeme akaamka akiuliza nani anauza nini.

Rangi akasimamisha gari. Tukashuka mimi na yeye, akanawa uso. Nikajua sasa ataniambia nihamie mbele. Badala yake akanishukuru, akasema hana rafiki kama mimi, halafu akanieleza kwamba yeye na mhasibu wamekubaliana kuoana. Na kwa kuwa mimi ndiye fundi, akaniomba nikirekebishe kile kiti, maana kinamuumiza mwenzake.

Dada, kinamuumiza kwa sababu hakikukatwa kwa ajili yake. Hili sijamwambia mtu. Viti vingine vyote vya lile gari nilikata sponji kwa vipimo vya kawaida. Kile cha mbele nililala mwenyewe juu ya sponji, nikauchora mgongo wangu kwa chaki, nikakata humo humo. Mwanamke hafanyi hivyo kwa gari la rafiki tu. Sasa jibu lako umelipata.

Juzi bibie alikuja kupimwa. Nikashika mkasi nikawaza nipunguze upande mmoja kidogo tu, akae kombo maisha yake yote. Mkono ukakataa. Jina la kazi nimelijenga mwenyewe tangu nikitumia cherehani ya kuazima, silivunji kwa ajili ya mgongo wa mtu. Nimekikata vizuri kuliko viti vyote nilivyowahi kukata, na Rangi nikamtoza bei kamili, mara ya kwanza tangu tujuane.

Zile hesabu nilitaka nibaki nazo. Lakini nikauona tena moyoni ule mteremko, nikamweleza bibie: wa mbele halali, na dereva akisinzia anatupiwa hesabu. Akacheka, akasema hiyo kwake ni rahisi, hesabu si ndiyo kazi yake? Akaniomba nimpe ya kuanzia. Nikamwambia atafute zake. Kumi na saba mara kumi na tatu sikumpa.

Nisalimie shemeji, na watundu waambie shangazi... sio, mama yao mdogo, anawakumbuka. Unaona jinsi nilivyochanganyikiwa. Usinijibu kwa kunihurumia, nijibu kwa habari za nyumbani. Sponji la zamani sijalitupa. Nimelikalia ninapokuandikia, na halinichomi popote.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Viti