Faili la Fundi wa Mama

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao. Mimi mzima, homa ya mwezi uliopita imeniachia kikohozi tu. Wewe je? Goti linakusumbua bado? Na masikio? Najua simu umeichoka, unasema ni kama kuzungumza na mtu aliye ndani ya pipa. Basi tuendelee na barua, mimi sina neno.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa kazini, nimesimama kati ya mashine za kufulia na rundo la mashuka ya hoteli, mpaka wasichana ninaowasimamia wakaniuliza kama kuna msiba. Hakuna msiba. Ni kwamba kurasa zote ni Fundi. Fundi kazibua karo. Fundi kabadilisha koki. Fundi kacheka, Fundi kakohoa. Kuhusu mimi umeandika mstari mmoja, tena mwishoni: "Na wewe hujambo?"

Halafu hiyo habari ya chumba. Kwamba mwenye nyumba wake anauza, hana pa kwenda, na wewe umeona umpe chumba cha nyuma. Mama, kile ni chumba changu. Kitanda ni changu, kabati nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na alama za urefu wangu ziko kwenye fremu ya mlango. Fundi bomba aliyeingia kwako kutengeneza tanki la choo, leo alale kwenye godoro langu? Sitakuficha, roho inaniuma. Naona wivu na sioni haya kusema.

Usimpe chumba kabla hatujaelewana. Nakuomba.

Binti yako wa pekee


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, linajua mvua kabla haijanyesha. Masikio ndiyo yamefunga duka kabisa. Hicho kikohozi ukiangalie, usikidharau.

Barua yako imenichekesha mpaka nikashika mbavu. Mtu mzima, bosi wa watu, unanuna kwa ajili ya godoro! Ulipokuwa mdogo ulimng'ata mtoto wa jirani kwa sababu nilimpakata. Nilidhani ule ugonjwa ulipona.

Sikia. Fundi hakuja kuniiba. Anakuja jioni akitoka kazini, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anauliza kama maji yanatoka. Yakiwa yanatoka anakaa hata hivyo, ananisimulia vituko vya wateja wake. Jana kaniambia kuna bwana kaziba choo kwa soksi zake mwenyewe halafu anamlaumu mkewe. Anasema habari hii haifai kuandikwa kwenye barua. Inafaa.

Chumba hakijalaliwa na mtu muda mrefu. Nakifagia, nakifunga. Wewe mara ya mwisho ulilala humo lini? Sikulaumu, nauliza tu. Njoo. Ukiingia wewe, yeye haingii. Usipokuja, mwisho wa mwezi wa tano nampa ufunguo.

Mama yako


Tarehe 9 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba goti halijazidi. Mwandiko wako siku hizi umenyooka, naona miwani imekukubali.

Kuja kwa sasa siwezi, ndio msimu wa wageni. Lakini sijakaa bure. Fundi bomba wa hoteli yetu anamjua huyo wako, waliwahi kufanya kazi pamoja hapa mjini. Nilipomtaja akaguna, akasema, "Yule si alipelekwa mahakamani kwa wizi wa koki?" Mama, nilishtuka. Na nitakuambia ukweli wote: nilifurahi pia.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda Mahakama Kuu. Nilijiambia jambo zito lianzie kwa wakubwa. Askari wa getini akaniuliza kesi ilisikilizwa wapi. Sijui. Akacheka sana. Akasema faili hukaa pale kesi iliposikilizwa, na wizi wa koki hauji huku juu ila kwa rufaa. Akanielekeza mahakama ya wilaya, mlango ulioandikwa Masjala, ndipo majalada yote yanapotunzwa.

Karani wa hapo ni mama mmoja mwenye sweta, hana haraka na dunia. Namba ya kesi? Sina. Basi nipe majina yote ya mshtakiwa, kosa, na mwaka. Majina nilipewa na fundi wetu, mwaka nilikisia. Kwenye kompyuta hakuna kitu. Akashusha rejista ya mwaka uliotangulia, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, na hapo jina likatokea, namba ya kesi iko pembeni. Kumbe ukishapata namba, nusu ya kazi imekwisha. Nikaandika barua kwa hakimu mkuu wa mahakama kuomba kusoma jalada na kupewa nakala ya hukumu, nikalipa ada dirisha la pili, nikapewa risiti. Nilidhani nitahitaji wakili. Karani akasema kesi iliyosikilizwa hadharani mtu yeyote anaweza kuiomba, isipokuwa zile za watoto au zilizofungwa kwa amri.

Ila kwenye barua lazima utaje sababu. Nilikaa na kalamu kama niko kwenye mtihani. Mwishowe nikaandika: usalama wa familia. Karani akasoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Ni mume?" Nikamwambia hapana, ni fundi wa mama. Akasema, "Ahaa," akagonga muhuri. Hiyo "ahaa" inanikera mpaka leo.

Wameniambia nirudi jalada likishatafutwa. Mpaka hapo, tafadhali, mwizi wako usimpe ufunguo.

Binti yako wa pekee


Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Natumaini ni posta tu, si ugonjwa.

Faili nimelisoma. Hawaruhusu litoke. Unakaa kwenye benchi mbele ya karani, unasoma, unarudisha. Nilikwenda na daftari jipya la kuandikia maovu yake. Alishtakiwa kuiba mabomba na koki kwenye jengo alilokuwa akifanyia kazi hapa mjini. Alikana. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi, hakuna aliyemwona akiiba. Hakimu akamwachia huru. Basi, si mwizi. Nimelisema, japo kwa shingo upande.

Kilichonitoa machozi ni kingine. Shahidi wa utetezi, wa kwanza na wa pekee, ni wewe.

Uliapa, ukasema siku ile alikuwa kwako tangu asubuhi akichimba mtaro wa maji machafu, na chakula alikula kwako. Mwendesha mashtaka akakuuliza mshtakiwa ni nani kwako, ni mwanao? Ukajibu: "Si mwanangu. Ni mtu anayekuja." Akakuuliza kama huna watoto. Ukasema: "Ninaye binti mmoja. Yuko mji huuhuu. Ana kazi nyingi."

Mama, ulipanda basi na goti lile, ukaja mpaka mji ninaoishi, ukasimama mbele ya hakimu kwa ajili ya mtoto wa watu, ukarudi bila kunigongea mlango! Nilipohitimu mafunzo ulisema goti. Nilipohamia nyumba mpya ulisema goti. Kwa Fundi goti lilipona? Ningeshtakiwa mimi, ungekuja? Namwonea kijicho mtu nisiyewahi kumtia machoni. Ningefurahi zaidi kama ningekuta kaiba.

Nijibu wewe mwenyewe. Kati yetu wawili, nani wako?

Binti yako


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo naandika kwa mkono wangu, nimeinamia karatasi mpaka pua inagusa wino. Nivumilie.

Macho yameniishia tangu mwaka jana. Sikukuambia ili usihangaike. Barua zako alikuwa ananisomea Fundi. Zangu nilikuwa nasema mimi, anaandika yeye. Mwandiko ulionyooka ni wake.

Ile ya mahakamani aliisoma yote. Alipofika kwenye "mwizi wako" hakuruka neno, akaendelea. Na kwa sababu ya masikio yangu husoma kwa kupaza sauti. Dirisha lilikuwa wazi, jirani akaacha kuanika nguo. Alipouliza tujibu nini, nikamwambia aiweke kando kwanza. Ya pili aliniomba asiisome. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka pale unaposema ungefurahi kama ungekuta kaiba, akaikunja, akaiweka mezani.

Hakugomba. Alisema alihamia huku baada ya hukumu ili awe mtu asiye na kesi, na sasa mtaa mzima unayo. Asubuhi akafungasha, akahama mtaa. Hakuniambia anakwenda wapi, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza.

Siku ile ya ushahidi nilikuja hotelini kwenu. Sikumwambia mlinzi kwamba mimi ni mama, nilitaka kukushtua. Akapiga simu ndani, ukasema mgeni asubiri, una kikao. Nikakaa kwenye benchi la madereva mpaka saa ya basi.

Ruhusa ya kwenda mahakamani ulipata, tena zaidi ya mara moja. Umeuliza nani wangu. Ni wewe, hilo halina mjadala, na limeniuma kwamba uliuliza. Chumba ni chako. Nimekitandika. Njoo sasa.

Mama yako


Tarehe 28 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti na macho vinaendelea vizuri. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha.

Barua yako nimeilia. Habari ya benchi sikuijua, na yule mlinzi nimemfokea ingawa hakumbuki lolote. Kuhusu Fundi nimesikitika, japo nitakuwa mnafiki nikisema sikupumua niliposoma kwamba kaondoka. Umesema wako ni mimi. Maneno hayo nayarudia moyoni kila siku nikikunja mashuka.

Mwezi wa saba nilikuwa nije, nilishapanga hadi nguo za kubeba, lakini hoteli imepokea mkutano mkubwa na mashine mbili zimekufa. Wa nane msaidizi wangu anajifungua. Wa tisa, Mungu akipenda, nitafika, au wa kumi, nikae hata siku mbili. Chumba usimpe mtu. Uwe unakifagia, unakifunga. Na maji yakisumbua tafuta fundi yeyote, nitamlipa mimi.

Nimeandika herufi kubwa ili zisikutese. Zikikushinda, mwombe mtu akusomee.

Binti yako wa pekee