Kura ya Mzee Pruett

Sorrel Grove, Illinois
11 Juni 1838

Dada Dorcas,

Shikamoo. Homa ya mtoni imewapita salama mwaka huu? Mimi mzima, ila wiki tatu nimekaa juu ya farasi nikimfuata jaji na kesi zake kijiji hadi kijiji, na sasa hata chakula nakula nimesimama.

Nina habari. Nagombea ubunge wa jimbo. Mpinzani wangu ni Lyman Cutright, yule mwenye kinu, na wilaya nzima inasaga mahindi kwake. Kura zetu unazijua ni za mdomo: mtu anasimama mbele ya karani, anataja jina kwa sauti, na sisi wagombea tumekaa palepale tunasikia. Nani atathubutu kumuudhi mwenye unga?

Lakini kinachoninyima raha ni Baba. Miaka sita tangu nianze kusoma sheria, hajalitaja jina langu. Simlaumu. Mawakili ndio waliomnyang'anya shamba kule Kentucky kwa karatasi asizoweza kuzisoma, akaapa kwamba jina la wakili halitatoka kinywani mwake. Mwambie nagombea. Kura yake siiombi, dada. Nataka kujua kama bado nina baba.

Ndugu yako,
Obed

Duck Creek
2 Julai 1838

Mdogo wangu Obed,

Marahaba. Homa imebisha kwa jirani, kwetu imesahau. Ng'ombe mwekundu kazaa jike.

Barua yako nilimsomea Baba mezani. Aliisikiliza yote, akaweka kijiko chini. "Mwambie huyo kijana wa mjini mahindi yangu yanataka palizi." Akatoka zake.

Sasa sikia hili. Siku ulipomtetea mjane Tilda Stroud, Baba alituaga anakwenda kwa mhunzi. Kumbe jirani alimwona nje ya dirisha la mahakama, kofia mkononi, mvua inamnyeshea, mpaka mjane aliporudishiwa ardhi yake. Nilipomuuliza, akasema kwa mhunzi kulikuwa na watu wengi. Obed, mimi ndiye niliyekufundisha herufi kwa mkaa juu ya ubao. Leo nasikia wanaume wazima wanalia ukizungumza, na ninashangaa maneno hayo umeyatoa wapi katika nyumba hii ya watu wakimya. Nakuogopa kidogo, na ninafurahi kukuogopa.

Ila usimtumaini sana. Mzee akiapa, ameapa.

Dada yako,
Dorcas

Sorrel Grove
9 Agosti 1838

Dada,

Shikamoo.

Jumatatu, siku ya kura, mimi na Cutright tulikaa mezani kwa karani tangu asubuhi. Mimi nilipiga kura mapema, nikamtaja Cutright, kama ilivyo adabu ya wagombea, kila mmoja amtaje mwenzake. Kisha wakaja watu. Dada, walikuja! Wakulima wenye magunia ya mahindi nyumbani wakasimama mbele ya mwenye kinu, wakamtazama usoni, wakasema "Obed Pruett." Kila mmoja nilimwinukia nikamshukuru.

Jua likishuka, nikamwona Baba juu ya nyumbu. Watu wakaanza: "Mzee Micah, umepotea njia? Kwa mhunzi ni kule!" Akashuka, akamfunga nyumbu. Karani akamuuliza, "Unamchagua nani, mzee?" Baba akamtazama karani, kisha akanitazama mimi. "Mzee, foleni inangoja." Baba akavua kofia.

"Obed."

"Obed nani? Sema kamili."

"Obed Pruett!" akapaza sauti mpaka farasi wakashtuka. "Mwanangu. Andika!"

Niliinuka nimshukuru. Alikwisha panda nyumbu. Sijawahi kuona mtu mkubwa kama yule, na nimeshaona magavana.

Mwisho kabisa Cutright akasimama, akajitaja mwenyewe. Watu walizomea, lakini kura ni kura. Kanishinda kwa moja. Mwambie Baba nimeshindwa, ila sijaona hasara.

Ndugu yako,
Obed

Duck Creek
19 Agosti 1838

Obed,

Anayeandika ni Dorcas, anayesema ni mimi. Tu wazima. Mahindi yamepaliliwa, si kwa msaada wako.

Dorcas kanieleza hesabu. Nimekaa juu ya nyumbu maili kumi na nane, nimevunja kiapo changu mbele ya watu wanaonicheka, kumbe wewe mwenyewe asubuhi umemtaja Cutright! Ungejitaja, sasa hivi ungekuwa mbunge. Adabu gani hiyo? Hivi ndivyo vitabu vinavyofundisha?

Jumapili njoo ule. Dada yako atachinja bata.

Baada ya miaka miwili kuna uchaguzi mwingine. Nikiwa hai nitakuja tena. Safari hiyo na wewe jitaje. Mimi nimelitaja jina lako, sikufa.

Baba yako