Waya za Rafiki Yangu Zina Tepu Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumapili hii, na tafadhali ukicheka usicheke sana, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la saba, lakini akili ya kujua jema na baya ninayo, niliiweka tu mahali nikasahau kuifuata.

Kazi yangu ni kukodisha na kufunga vyombo vya muziki, spika, maiki, mikisa na waya zake, kwenye harusi, mahafali na mikutano. Watu wananiita Tepu kwa sababu kila kitu changu kina tepu ya njano yenye jina langu kwa wino mzito, waya, stendi, ngazi, mpaka ufagio wa stoo, mpaka kikombe cha chai, na mke wangu huwa anasema siku akisinzia kwenye kiti nitambandika na yeye. Nilikuwa najivunia hilo, na nilikuwa nawadharau mafundi wenzangu wanaotupatupa vitu bila alama, na niliyemdharau kuliko wote ni rafiki yangu wa tangu ujana, tunamwita Besi kwa ajili ya sauti yake, yeye alikuwa anasema, "Mimi waya yangu naijua nikiishika tu." Na mimi namjibu, "Haya mganga, endelea kushika."

Sasa kazi kubwa huwa tunafunga pamoja, vyombo vyake na vyangu jukwaa moja, tukimaliza kila mtu anakunja vya kwake, na utaratibu wetu mafundi ni kwamba tepu ndiyo inayosema. Miaka mitano iliyopita, baada ya mahafali ya chuo kimoja, nilifika stoo nikakuta waya moja ya maiki isiyo na tepu imeingia kwenye kreti langu, najua kabisa ni ya Besi, nilitakiwa nimpigie simu, badala yake nikakata tepu nikabandika. Hivyo tu. Nikajiambia namfundisha adabu, wiki ijayo nitamrudishia tucheke, wiki ikapita, kazi nyingine ikaja, nikabandika nyingine, na hiyo ya pili haikuingia kwa bahati mbaya, niliikunja kwa mikono yangu, na nisikufiche mshauri, ilikuwa tamu. Mpaka naacha zilikuwa kumi na moja, pamoja na ile waya nene yenye vichwa vingi tunayoiita nyoka.

Besi alipoona zinapungua hakunifikiria mimi, nani atamfikiria mtu wa tepu, alimfikiria mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa anafanya naye kazi na ndiye aliyeshika stoo. Nilikuwepo siku anamuuliza, mchana kweupe, mafundi wote tunapakia. Mdogo mtu akasema, "Kaka, mimi siuzi waya zako. Zote nimeziandika ndani, mtu akizifungua atajua ni za nani." Besi akauliza, "Ndani wapi?" na mimi, mshauri, mimi huyu huyu, nikadakia, "Ndani ya waya kuna shaba tu bwana, au umeandika kwenye umeme?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Besi hakucheka, akamwambia mdogo wake, "Acha funguo hapo juu ya spika, uende." Akaziacha, akaenda. Huu mwaka wa nne hawajasalimiana.

Mwezi huu nyoka ikaanza kukatakata sauti, nikafungua kichwa chake kimoja ili nichomelee, kikadondoka kikaratasi kimekunjwa kidogo sana, kimezungushiwa plastiki, na mwandiko ule naujua kwa sababu mdogo mtu ndiye aliyekuwa anatuandikia orodha za vyombo. Kinasema, "Hii ni ya kaka. Ukiifungua kuitengeneza, asante, sasa irudishe." Nikashika bisibisi nikafungua zote. Waya kumi na moja, vikaratasi kumi na moja. Vingine ameweka utani, kimoja kinasema, "Fundi, jina la mwenyewe umeshaliona, usijifanye hujui kusoma." Mke wangu akanikuta nimekaa sakafuni, akauliza, "Baba watoto, umepigwa shoti?" Nikamwambia ndiyo.

Ningekaa kimya, nasema kweli, lakini mama yao, ambaye na mimi namwita mama kwa kuwa nimekula sana kwenye sufuria zake, amezeeka na anataka kuwaona wanawe wamekaa meza moja, na Besi amekubali kwa sharti kwamba mdogo wake akiri mbele ya mama kuwa aliziiba, ndipo amsamehe. Na mdogo mtu amekubali! Amechoka, anasema atatamka chochote ili mama apumzike. Kikao ni Jumapili, na Besi amenifuata mwenyewe kuniomba niwe shahidi, akaniambia, "Tepu, njoo ukae pale, wewe ndiye mtu aliyenyooka kati yetu."

Wazo langu ni hili. Stoo ya Besi naijua, na ufunguo wake najua unapofichwa. Nikibandua tepu zangu nikazirudisha zote kimyakimya Jumamosi akiwa kazini, mali itakuwa imerudi kwa mwenyewe, na Jumapili nitasema naumwa. Je, mshauri, haitatosha? Nimejuta sana, usingizi sina, chakula hakipiti. Nijibu upesi.

Ni mimi, Fundi Mwenye Majuto.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi Mwenye Majuto. Umebandika jina lako mpaka kwenye ufagio, lakini chini ya barua ya kurasa tatu hukulibandika. Hapo tu ningekujua.

Majuto yako nimeyaona na sikuyatupa yote. Mwanamume wa umri wako kuandika kwa mkono wake kwamba "ilikuwa tamu" si jambo dogo. Wengi wanaoniandikia huwa hawajaiba, vitu viliwafuata vyenyewe kwa miguu. Wewe angalau umesema ulikunja. Sifa yako ni hiyo, imeishia hapo, tuendelee.

Ati ulikuwa unamfundisha rafiki yako adabu. Masomo kumi na moja? Kwa mwanafunzi ambaye hajui hata kama yuko darasani? Usinitanie, baba. Ulipenda kitu cha mtu ukakichukua, na kwa kuwa umezoea kuamini kila kilichobandikwa jina lako ni chako, ukajiamini na wewe.

Ila waya hazikunikera kama ule mdomo wako. Mtu amesimama mbele ya wenzake anasema ukweli, ushahidi wa ukweli wenyewe umo stoo kwako, na wewe ndiye unayemfanya achekwe. Ungenyamaza tu! Besi alikuwa ameshaanza kuuliza. "Ndani wapi?" Swali zuri kabisa, lilikuwa linaelekea kwenye jibu, ukaliwahi na kichekesho chako cha umeme. Umenihesabia waya vizuri sana, moja mpaka kumi na moja. Ndugu wa Besi uliyemchukua siku ile, sikuona umemhesabu popote.

Na hilo wazo la Jumamosi! Nililisoma nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Hebu lifuate mpaka mwisho wake. Besi anafungua stoo, anakuta waya zake zote zimerudi, hazina tepu, zimekunjwa vizuri. Atasema amezirudisha nani? Duniani anamshuku mtu mmoja tu, na mtu huyo kesho yake anakuja kukiri. Umeona ulichofanya? Leo Besi anadhani. Jumapili atakuwa na hakika, na mdogo wake hatajisafisha tena mpaka anaingia kaburini. Wewe wakati huo uko kitandani na homa yako ya kujitengenezea, mkeo anakukanda kichwa. Hilo wewe unaliita kurudisha mali. Mimi naliita kuiba mara ya kumi na mbili.

Gazeti hili linatoka Alhamisi, kwa hiyo siku zako ni chache na maneno yangu pia.

Usibandue tepu hata moja. Ziache na unjano wake, na vikaratasi uvirudishe ndani vilikotoka. Kisha leo hii, ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa mdogo mtu. Nimesema mdogo, usikimbilie kwa Besi kwa sababu ni rafiki yako. Mdogo ndiye uliyemkosea zaidi, na ndiye anayejiandaa kusema uongo mbele ya mama yake kwa ajili ya dhambi yako. Usianze na habari za kazi. Usianze na "unajua sisi ni binadamu." Mwambie, "Waya nilichukua mimi, na siku ile nilikucheka nikiwa nazo." Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Akikufungia mlango, sema ukiwa nje. Sauti unayo, wewe ni mtu wa spika.

Ijumaa mpelekee Besi kreti zima, weka na bisibisi juu yake. Ukishamwambia ulichofanya, usimsomee kikaratasi hata kimoja. Mwache afungue mwenyewe, akutane na mwandiko wa mdogo wake. Hapo funga mdomo kabisa, maana yatakayomtoka hayatakuwa yanakuhusu.

Wale mafundi waliocheka mpaka wakakaa chini, kazi ya kwanza mtakayokutana waambie kabla hamjawasha chombo chochote. Uliwachekesha wote, sasa wasikie wote.

Halafu Jumapili uende. Uliombwa uwe shahidi, uwe. Yule mama ameambiwa kwa miaka minne kwamba alizaa mwizi, na anatakiwa kusikia kutoka kwako kwamba hakuzaa. Msogelee, ongea taratibu, mwambie wewe ndiye.

Hukuniuliza kama watakusamehe, ila naliona swali limejificha nyuma ya usingizi wako uliopotea. Sijui. Huenda urafiki wa tangu ujana umekwisha, na hutakuwa na wa kumlaumu. Usikae pale kusubiri jibu lake. Ukimaliza kusema, muage mama uondoke, hata wakikubembeleza ubaki. Wana miaka minne ya kuzungumza, na meza ile ni ya watu watatu.