Sanduku la Jezi za Kitura

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na jambo utakalolichukia: nimezitoa jezi zako zikavaliwa. Zote kumi na moja, zile za kijani zenye kola nyeupe, ulizozifungia kwenye sanduku la bati tangu timu ya Kitura ilipokufa, ukaapa hazitaingia uwanjani tena. Zimeingia, na sikuombi radhi. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka walivyokucheka? Mwanaume mzima, karai mbele yake, anafua jezi za wenzake! Baba mdogo ndiye aliyekuwa mfungaji, namba tisa mgongoni, kata nzima inamwimba. Wewe ulikaa benchi misimu yote, hukuingia hata dakika moja, na mechi ikiisha walikutupia jasho lao ukarudi nalo nyumbani. Ukazihudumia kama kahawa yako ya shambani. Maji baridi, sabuni ya mche, zimegeuzwa ndani nje, hakuna brashi, hakuna kukamua. Kisha ukazilaza kwenye chanja juu ya khanga kuukuu ya mama, na jua la saa sita likikolea ukazifunika, kama unavyofunika kahawa isipasuke. "Kamba inavuta mabega," ulisema. Majirani walipita wakiuliza kama na hizo utazipeleka chama cha ushirika.

Na mimi siku ile! Nilikuwa darasa la tatu. Nimeona kahawa inaingia kwenye tangi na utelezi wake, inatoka safi, nyeupe, nikasema kumbe dawa ndiyo hii. Nikazitumbukiza jezi zote kwenye maji hayo ya kuchachushia kahawa, zikalala humo usiku kucha. Loo! Kola zilitoka rangi ya chai, na ile harufu unaijua. Baba mdogo akaja anafoka nichapwe. Ukamwambia aende zake. Kwangu ulisema tu, "Kahawa ina ganda, mwanangu. Jezi haina." Tukasuuza pamoja mpaka jioni, mikono ikakunjamana. Nilikupenda siku ile kuliko siku zote.

Sasa umeondoka. Siku ya kumaliza matanga walitoa nguo zako zigawiwe, shati huku, koti kule, nikawaachia, ndiyo desturi. Ndipo Baba mdogo akalivuta sanduku. Eti jezi nazo ni nguo za marehemu, kila mtoto wa kiume wa ukoo achukue yake, na namba tisa ibaki kwake. Nikakaa juu ya sanduku.

"Inuka. Wewe mtoto wa kike, jezi za nini? Mimi ndiye niliyezitolea jasho."

"Na hilo jasho alilifua nani, Baba mdogo?"

 Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo, tena mbele ya wazee, lakini nilikuwa na hasira. Akasema Jumapili baada ya misa ukoo utakaa, na jezi zitagawiwa nipende nisipende. Thubutu!

Nilijua kikao kitanishinda. Nilijua pia kitakachofuata: moja ya kulimia, nyingine ya kudekia, na seti uliyoitunza miaka yote imekwisha. Sasa Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, timu ya mabinti wa kata ilikuwa inashuka ziwani kucheza mpira na wenzao wa kijiji cha Ngumbo. Hawana jezi, wanachezea fulana za kila rangi. Nikapanda nao gari, sanduku mapajani. Nilipowavisha niliwasihi wasivutane kola. Wakavutana kola, baba, nikafumba macho.

Kipindi cha pili Baba mdogo akatokea na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Jezi ziko wapi?"

Nikamwonyesha uwanjani.

"Zirudi sasa hivi!"

"Haya, Baba mdogo. Ingia ukawavue."

Akina mama waliokuwa wanafua ufukweni wakaangua kicheko. Akazunguka, akatafuta mtu wa kumuunga mkono, akakosa, akapanda bodaboda yake.

Tulifungwa mbili bila. Namba sita imechanika kwapani, na namba nne ina doa la nyasi ambalo sidhani kama litatoka. Ulikuwa unataka zikae salama, najua. Lakini zingekaa salama kwa nani? Nimeishona ile ya sita kwa uzi wa kijani. Rangi haifanani vizuri, na nimeiacha hivyo.

Jumapili ukoo ulikaa. Walizungumza, wakakohoa, wakaafikiana kwamba jezi zigawiwe, kisha wakanigeukia nizilete. Nikasimama, nikawaambia zimeshagawiwa. Kila mchezaji anayo yake, na kila mechi ikiisha zote zinarudi kwangu kufuliwa.

Pumzika, baba. Nina karai limejaa.

Binti yako