Mstari wa Karibu

Baba Nettie,

Viazi na nyama viko ndani ya oveni. Ukiamka, umwagie maji udongo wa uwanja wetu wa kurushia viatu vya farasi, uufunike kwa magunia, usije ukapasuka.

Asubuhi ulipokuwa umelala baada ya zamu ya usiku, baba yako alitoka na fimbo yake. Akautazama ule mstari wa pili uliouchora karibu na chuma kilichosimikwa, kile tunacholenga kukivisha viatu. “Huu wa nani?”

“Wa wanawake, Baba. Wangu.” Nilijibu vile vile ulivyonifundisha. Nikarusha, kiatu kikatua kwenye nyanya.

“Lo! Unafukuza kuku, mkwe? Sogea nikuonyeshe.”

Akasimama kwenye mstari huo huo, yeye aliyeapa kutorusha tena tangu apatwe na kiharusi. Cha kwanza kikapita. Cha pili, kling! Kikanasa kwenye chuma.

Mume wangu, akili yako hiyo hawaifundishi kwenye darasa langu la jioni.

~~Mpongeze.~~ Hapana, usimpongeze, na huo mstari usiutaje kabisa. Mwambie tu mkeo ni mzito wa kuelewa, amfundishe na kesho.

Mama Nettie